Namna ya Kuandika Taarifa ya Mwaka ya Darasa la Sekondari

Taarifa ya mwaka ya darasa ni chapisho dogo linaloeleza mambo ambayo darasa moja la sekondari lilifanya tangu shule ilipofunguliwa hadi ilipofungwa, pamoja na matunda yaliyotokana na kazi hiyo. Wasomaji wake ni wanafunzi wenyewe, wazazi na walezi, walimu, uongozi wa shule, na darasa litakalorithi chumba hicho mwaka unaofuata. Taarifa nyingi za aina hii zinafanana kiasi kwamba ukibadilisha jina la shule kwenye jalada hakuna atakayetambua: zimejaa sifa, vikombe na picha za watu waliopangwa mstari, lakini msomaji haambiwi kikombe kilipatikanaje, wala wanafunzi wengine ambao hawakukigusa walikuwa wakifanya nini wakati huo. Mwongozo huu unahusu taarifa ya namna nyingine, inayolizungumzia darasa zima na kusema mambo yanayoweza kuthibitishwa.

Daftari la matukio

Kazi huanza wiki ya kwanza ya muhula wa kwanza. Darasa lichague wanafunzi wawili wa kutunza daftari la matukio, na ni vyema wawe watu wa tabia tofauti, kwa mfano mmoja mpenda michezo na mwingine ambaye hukaa zaidi maktaba au maabara, kwa sababu kila mtu huona yale anayoyapenda na kuyapita mengine. Wawili hao wabadilishwe kila muhula. Kiranja wa darasa asipewe kazi hii, kwani tayari ana majukumu ya kutosha, na mara nyingi yeye mwenyewe ni mhusika wa matukio yanayoandikwa.

Kila tukio liandikwe siku hiyohiyo au kesho yake, kwa mistari michache: tarehe, kilichofanyika, majina kamili ya waliohusika, matokeo, mahali picha au karatasi za ushahidi zilipo, na jambo moja dogo lililoonekana au kusikika pale pale. Hilo la mwisho ndilo watu huliruka, nalo ndilo litakaloipa taarifa uhai miezi tisa baadaye. Tazama mfano huu wa kubuni: «Jumanne, wiki ya sita. Mdahalo na darasa la jirani kuhusu matumizi ya simu shuleni. Wazungumzaji wetu watatu (majina). Tumeshindwa kwa alama 4. Mzungumzaji wa pili alisahau hoja yake ya mwisho, akamwomba mwenyekiti dakika moja zaidi, akanyimwa. Karatasi ya alama anayo katibu wa klabu.» Haichukui dakika tano kuandika maneno hayo, lakini mwandishi wa taarifa akiyapata mwishoni mwa mwaka hatahitaji kubahatisha chochote.

Iwapo mwaka umekwisha nusu na hakuna daftari lililotunzwa, bado kazi inawezekana, ingawa itakuwa ya kuokoteza. Chukua kalenda ya shule, rejesta ya mahudhurio, kumbukumbu za vikao vya darasa, karatasi za matokeo, na risiti zilizo kwa mweka hazina, kisha uzipange kwa tarehe. Risiti ni shahidi mzuri kuliko watu wanavyodhani, maana inaonyesha siku ambayo vifaa vya maonyesho vilinunuliwa, na hiyo kwa kawaida ndiyo wiki ambayo kazi ilianza. Tarehe za picha zilizo kwenye simu husaidia pia, lakini chukua picha kutoka kwa aliyezipiga, kwa kuwa picha iliyopitia kwa watu wengine mara nyingi huonyesha tarehe ya kupokewa badala ya tarehe ya kupigwa.

Shughuli na mafanikio ni mambo mawili

Hapa ndipo taarifa nyingi hukwama, kwa hiyo inafaa kukaa kidogo. Kupanda miti 60 ni shughuli. Miti 41 kuwa hai baada ya miezi sita, kwa sababu wanafunzi waligawana zamu za kumwagilia hata wakati wa likizo, ni mafanikio. Kuanzisha kikundi cha kujisomea ni shughuli. Wanafunzi waliokuwa wakiogopa kemia kuanza kukaribia maswali ya hesabu za moli bila kusukumwa ni mafanikio, hata kama alama zao hazijapanda sana. Ili kutenganisha mambo hayo mawili, kila tukio liulizwe maswali matatu: hali ilikuwaje kabla, nani alifanya nini, na ni kitu gani kilichobadilika ambacho mtu wa nje anaweza kukiona au kukihesabu. Tukio lisilokuwa na jibu la swali la tatu lisitupwe. Libaki katika taarifa kama shughuli, bila kuvishwa joho la ushindi.

Chukua sentensi ambayo kila mtu amewahi kuisoma: «Darasa letu lilifanya vizuri sana katika maonyesho ya sayansi na kuiletea shule heshima kubwa.» Hakuna uongo ndani yake, na hakuna habari pia. Mwandishi akirudi kwenye daftari anaweza kuandika hivi: «Vikundi vitatu vya darasa letu viliingia katika maonyesho ya sayansi ya shule. Kikundi kilichotengeneza chujio la maji kwa mchanga, changarawe na mkaa kilikuwa cha pili kati ya vikundi 14. Chujio la kwanza lilitoa maji meusi kwa siku mbili, hadi wanakikundi walipogundua kwamba mkaa haukuoshwa kabla ya kuwekwa.» Toleo la pili ni refu zaidi, lakini msomaji ameona kazi yenyewe, ameelewa uzito wa nafasi ya pili, na mwanafunzi wa mwaka ujao amejifunza kuosha mkaa.

Nafasi au medali isitajwe kamwe bila kueleza ilitolewa kwa utaratibu gani. Nafasi ya tatu kati ya watatu si sawa na nafasi ya tatu kati ya mia moja. Hata mashindano yanayojulikana dunia nzima huhitaji ufafanuzi. Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, iliyoanza mwaka 1959 nchini Romania, huwapa wanafunzi maswali sita kwa siku mbili, kila swali likiwa na alama 7, hivyo alama za juu kabisa ni 42. Medali hupewa takribani nusu ya washiriki, zikigawanywa kwa uwiano unaokaribia dhahabu moja, fedha mbili na shaba tatu. Anayejua utaratibu huo anaelewa kwamba kule mtu hashindanii nafasi tatu tu kama katika mbio, na kwamba ugumu mkubwa umo katika kuchaguliwa kuwa miongoni mwa wanafunzi wasiozidi sita wa timu ya nchi. Mashindano ya shule yako hayatakuwa na utaratibu huo, lakini msomaji anahitaji sentensi moja ya kumweleza washiriki walikuwa wangapi, walipatikanaje, na waamuzi walitumia kigezo gani.

Mambo yaliyoshindikana yaandikwe pia. Timu iliyotolewa raundi ya kwanza, mchezo wa kuigiza ulioahirishwa kwa sababu mwigizaji mkuu aliugua, gazeti la ukutani lililokufa baada ya matoleo mawili: hayo yote ni sehemu ya mwaka, na msomaji anayeyakuta huyaamini zaidi yale mazuri yaliyoandikwa kando yake. Kuna mipaka, hata hivyo. Kosa la nidhamu la mwanafunzi mmoja, ugonjwa wake, matatizo ya nyumbani kwao au karo aliyodaiwa si mambo ya taarifa ya darasa, hata kama kila mtu anayajua.

Jaribio la rejesta

Rasimu ya kwanza ikishakamilika, iweke mezani pamoja na rejesta ya darasa, kisha pitia majina moja baada ya jingine ukiweka alama kwa kila mwanafunzi aliyetajwa akiwa anafanya jambo fulani. Kutajwa katika orodha ya majina au katika picha ya pamoja kusihesabiwe. Katika darasa la wanafunzi 40 si ajabu kukuta majina 9 yametajwa mara nyingi na majina 20 hayapo kabisa. Matokeo hayo hayana maana kwamba hao 20 hawakufanya kitu. Yana maana kwamba mwandishi alitazama jukwaani na uwanjani peke yake.

Dawa yake si kuwatungia sifa. Wanafunzi hutambua mara moja sifa iliyobandikwa, na mwenye kusifiwa ndiye anayeona aibu zaidi. Mwandishi aende kuuliza, tena awaulize watu tofauti: mwalimu wa maabara, mkutubi, wapishi, mlinzi wa lango, na wanafunzi wanaokaa dawati moja na huyo asiyetajwa. Ndipo atakaposikia kwamba kuna aliyekuwa akifungua maabara mapema kila siku ya vitendo na kupanga mirija, aliyekuwa akimwandikia maelezo mwenzake aliyevunjika mkono, aliyetengeneza madawati yaliyolegea, au aliyefuta ubao mwaka mzima bila kuambiwa. Mambo hayo yaandikwe kwa uzito uleule wa vikombe, kwa sentensi mbili au tatu zenye maelezo kamili, na yasirundikwe katika ukurasa mmoja wa «shukrani kwa wengine wote». Yawekwe mahali yanapohusika: anayepanga mirija awe katika habari ya maonyesho ya sayansi, kwa sababu bila yeye vikundi vitatu vingeanza kazi vikiwa vimechelewa.

Na iwapo baada ya kuuliza kote mwanafunzi fulani hakupatikana na jambo, aulizwe mwenyewe ni kitu gani cha mwaka huo angependa kikumbukwe. Akisema hataki kutajwa, aheshimiwe.

Hesabu zinazosema kweli

Matokeo ya masomo ndiyo sehemu ambayo wazazi husoma kwanza, na ndiyo rahisi kupotosha hata bila kukusudia. Wastani wa darasa unaweza kuinuliwa na mtu mmoja. Wanafunzi watano wakipata alama 20, 30, 40, 50 na 95, wastani wao ni 47, ilhali watatu kati ya watano hao wako chini ya alama hiyo. Ukizipanga alama kutoka ndogo hadi kubwa, ile ya katikati ni 40, nayo inaeleza hali ya kundi kwa uaminifu zaidi. Inafaa kutoa zote mbili, wastani na alama ya katikati, pamoja na idadi ya waliofanya mtihani. Idadi hiyo ni muhimu pia pale darasa linapolinganishwa na mwaka uliopita, kwa sababu wanafunzi wawili wakihama na watatu wakihamia, unalinganisha makundi mawili tofauti, na msomaji anastahili kujulishwa.

Asilimia nazo zina mitego yake. Waliofaulu wakiongezeka kutoka asilimia 50 hadi asilimia 60, ongezeko ni la pointi 10 za asilimia, lakini ukilipima kwa kulinganisha na kiwango cha mwanzo ni asilimia 20. Kauli zote mbili ni sahihi, na mwenye kutaka kujisifu atachagua ya pili. Andika «kutoka 50 hadi 60» na umwachie msomaji. Kwa makundi madogo, achana na asilimia kabisa: «wanafunzi 3 kati ya 8» inaeleweka haraka kuliko «asilimia 37.5», na haijifanyi kuwa na usahihi ambao haina.

Alama za mwanafunzi mmoja mmoja zisichapishwe bila ridhaa yake na ya mzazi, na orodha ya kuwapanga wanafunzi kutoka wa kwanza hadi wa mwisho haina nafasi katika chapisho hili. Fedha za darasa, kwa upande mwingine, ziwekwe wazi: jedwali moja lenye kilichoingia, kilichotoka, na salio, likisainiwa na mweka hazina na mwalimu wa darasa, linatosha.

Mpangilio na lugha

Wengi hupanga taarifa kwa kufuata kalenda, mwezi kwa mwezi, na matokeo yake ni kwamba habari ya mchezo wa kuigiza inakatwa vipande vinne: uteuzi wa waigizaji katika ukurasa wa 3, mazoezi katika ukurasa wa 7, kuahirishwa katika ukurasa wa 9, onyesho lenyewe katika ukurasa wa 15. Ni bora kuwa na ukurasa mmoja wa kalenda ya mwaka mwanzoni, wenye tarehe na matukio kwa maneno machache, halafu habari zenyewe zipangwe kwa mada: masomo, klabu na midahalo, sanaa, michezo, kazi za kujitolea, maisha ya darasani. Kila habari isizidi maneno 300 isipokuwa iwe na kisa kinachostahili zaidi. Ujumbe wa mwalimu mkuu ukubaliwe kwa heshima zote, ila aombwe mapema asizidi nusu ukurasa, na atumiwe rasimu ili aandike juu ya jambo lililomo.

Katika sentensi, mtendaji aonekane. «Miti ilipandwa na ukuta ukapakwa rangi» inaficha watu ambao taarifa hii ipo kwa ajili yao. Andika nani alipanda, nani alipaka, na nani alikwenda kuazima ngazi. Maneno kama «kwa kishindo», «ya kihistoria», «isiyo na mfano» na «ya aina yake» yafutwe kwanza, kisha sentensi isomwe tena. Kama imebaki tupu, basi habari yake haijatafutwa vya kutosha, na mwandishi arudi kwa wahusika. Maneno ya mtu yakiwekwa katika alama za kunukuu yawe yake kweli, na aonyeshwe kabla hayajachapishwa. Wanafunzi hupenda kuwatungia walimu nukuu za hekima. Walimu huzitambua.

Picha na ruhusa

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unamtambua mtoto kuwa ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18, isipokuwa pale sheria inayomhusu inapomhesabu kuwa mtu mzima mapema zaidi, na ibara yake ya 16 inalinda faragha yake. Wanafunzi wengi wa sekondari wamo katika umri huo. Kwa hiyo fomu ya ruhusa itolewe mwanzoni mwa mwaka, isainiwe na mzazi au mlezi na mwanafunzi mwenyewe, na itenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya: ruhusa ya kuchapishwa katika nakala za karatasi zitakazobaki shuleni na nyumbani, na ruhusa ya kuwekwa kwenye intaneti, ambako picha ikishatoka hairudi. Anwani, namba za simu na tarehe za kuzaliwa zisiwekwe popote. Kwa toleo la intaneti, ondoa pia taarifa za mahali ambazo simu huziandika ndani ya faili la picha.

Picha nzuri ya taarifa inaonyesha mikono ikifanya kazi. Picha ya kundi lililosimama inatosha moja kwa darasa zima. Nyingine zote ziwe za watu walioinamia jambo. Maelezo ya picha yataje majina kutoka kushoto kwenda kulia, kilichokuwa kikifanyika na tarehe, na yasirudie kile ambacho jicho limeshakiona.

Kwa upande wa ubora, wachapaji kwa kawaida huhitaji nukta 300 kwa kila inchi. Ukurasa mzima wa A4, wenye milimita 210 kwa 297, unahitaji picha ya pikseli 2480 kwa 3508, na picha yenye upana wa pikseli 1600 haipaswi kuchapwa kwa upana unaozidi takribani sentimita 13.5. Programu za ujumbe hupunguza ukubwa wa picha zinapotumwa kwa njia ya kawaida, kwa hiyo aliyepiga aitume kama faili au ainakili moja kwa moja kutoka kwenye simu. Majina ya faili yaanze na mwaka, mwezi na siku kwa tarakimu, kwa mfano 2025-03-18-mdahalo, nayo yatajipanga yenyewe kwa mfuatano. Nakala ziwe tatu, katika vifaa vya aina mbili tofauti, na moja kati yake ikae nje ya shule.

Kuhakiki na kuchapa

Kijitabu kinachobanwa kwa pini katikati huwa na kurasa zinazogawanyika kwa nne, kwa kuwa kila karatasi iliyokunjwa hutoa kurasa nne. Ukifikisha kurasa 22, utachapa 24, hivyo ama uongeze habari mbili zilizoachwa au upunguze hadi 20. Amua hilo kabla ya kupanga kurasa, maana kuziba ukurasa mtupu kwa pambo dakika za mwisho huonekana.

Makosa ya tahajia yatasamehewa. Jina la mtu likikosewa halisahauliki. Kwa sababu hiyo, chapa nakala moja ya majaribio na uibandike darasani kwa siku tatu, kila mwanafunzi atie saini kando ya jina lake kuthibitisha kwamba limeandikwa sawasawa na kwamba anakubali yaliyosemwa juu yake. Mtu mmoja ambaye hakushiriki kuandika ahakiki tarehe, alama na idadi zote akiwa na daftari la matukio na karatasi za matokeo mkononi, bila kusoma habari zenyewe kwa ajili ya kufurahia. Mwalimu wa darasa asome mwisho, akitazama zaidi mambo ya faragha kuliko mtindo.

Nakala moja ya karatasi ipelekwe maktaba, na toleo la kielektroniki lihifadhiwe katika muundo wa PDF/A, ambao uliwekewa kiwango cha kimataifa mwaka 2005 mahsusi kwa nyaraka zinazokusudiwa kufunguliwa baada ya miaka mingi. Daftari la matukio, fomu za ruhusa na faili la picha vikabidhiwe kwa mwalimu wa darasa kwa maandishi. Kosa likigunduliwa baada ya kuchapa, chapa kikaratasi cha masahihisho na ukibandike ndani ya jalada la kila nakala ambayo bado haijagawiwa, ukianza na ile ya maktaba.